Namba Tano Ni Kukimbizana

Kile kiboksi kidogo kinachoning'inia kwenye waya wa taa za Krismasi kina kitufe kimoja na maneno manane. Ukibonyeza, taa zinabadili mwendo. Ukibonyeza mara nane umerudi ulikoanzia. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, herufi zake ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa, na mpangilio ni uleule iwe taa umezinunua Kariakoo au kwa mmachinga wa stendi ya Singida. La kwanza ni mchanganyiko wa yote, la pili mawimbi, la tatu mfuatano, la nne kung'aa polepole, la tano kukimbizana, la sita kufifia, la saba kumetameta, la nane kuwaka bila kubadilika. Viboksi vingine vina na spika ndogo ndani yake, inayoimba wimbo wa kengele kwa sauti ya mbu.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na mada yangu ni majina ya vyombo vya mwanga katika Kiswahili cha bara. Nilipoichagua nilifikiria vibatari na karabai, vitu vya makumbusho. Sikufikiria kiboksi hiki. Lakini kwetu Unyambwa, kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Singida, yenye mawe makubwa, alizeti, uwele na kuku, watoto wasiojua neno hata moja la Kiingereza wanayajua yale maneno manane kwa majina mengine kabisa. Namba tatu ni "foleni". Namba nne ni "zinapumua". Namba tano ni "zinakimbizana". Namba saba ni "zinakonyeza", na hapo wasichana wanacheka. Namba nane, ambayo kwa mtoto haina faida yoyote, ni "zimetulia", na hutamkwa kwa sauti ya mtu aliyeambiwa akae chini.

Angalia walichofanya. Mtengenezaji ameeleza kinachotokea kwenye waya. Watoto wameeleza taa kana kwamba ni viumbe. Halafu kuna namba tano, ambapo wote wawili wamekutana, kwa sababu hata huko Kiingerezani fundi aliyetafuta jina la taa zinazowaka moja baada ya nyingine aliishia kwenye mchezo wa watoto wa kufukuzana.

Taa za sikukuu zilianza zikiwa zinacheza. Desemba 1882, huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliufunga mti wa Krismasi wa nyumbani kwake taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu, zilizounganishwa moja moja kwa mkono. Watu wengi wakisimulia habari hiyo huishia hapo, kwenye zile 80. Wanasahau kwamba mti ule ulikuwa unazunguka. Mota iliuzungusha juu ya kitako chake, na kadiri ulivyozunguka rangi moja ilizimika na nyingine ikawaka. Yaani kupokezana kwa taa kulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni muziki tu.

Mwaka uliofuata, 1883, Sultani Barghash alijenga Unguja lile jumba la Beit al-Ajaib, ambalo hutajwa kuwa ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Jina lake lina maana ya nyumba ya maajabu, na sehemu ya maajabu hayo ilikuwa ni hizo taa. (Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siku yenyewe ya Krismasi, na watu wawili wakafa.) Bara, Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwenye karakana ya reli. Kutoka hapo hadi Unyambwa ni karibu kilomita 700 kwa barabara, na umeme ulizitembea taratibu mno. Ulipoingia nyumbani kwetu mimi nilikuwa tayari nasoma sekondari.

Kwa hiyo kwa muda mrefu mwanga wa kwetu ulikuwa wa moto, na majina yake yalikuwa ya wageni. Kandili limetoka Kiarabu, na Waarabu nao waliliokota kwa Warumi. Fanusi ni Kiarabu kilichopitia kwa Wagiriki. Chemli ni lile bomba la kioo, Kiingereza cha dohani ya kutolea moshi kilichogeuzwa na midomo yetu. Karabai limetokana na ile kemikali iliyokuwa ikitiwa maji itoe gesi ya kuwaka; gesi ikaachwa, zikaja taa za kupampu kwa mafuta ya taa, jina likabaki palepale. Hilo la karabai napenda kulikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba neno lazima lifanane na kitu. Bibi yangu hajawahi kuiona hiyo kemikali. Karabai kwake ni taa ya harusi, taa ya msiba mkubwa, taa inayomaanisha kwamba watu wengi watakesha.

Umeme ni habari nyingine. Hili halikuazimwa. Ni lile la mbinguni, mmweko unaotangulia radi, na lipo jirani na kumeta, kumeremeta na kumetameta. Wakenya walichukua njia tofauti, wakaita nishati hiyo stima, neno lilelile lililokuwa la meli za moshi, na ikikatika wanasema stima imepotea, kama mbuzi. Sisi tunasema umeme umekatika, kama kamba. Huwa najiuliza ni ipi inayouma zaidi.

Kwa kuwa neno ni moja kwa vitu viwili, nyumbani kwetu Desemba ina sentensi yake. Mvua za Singida huanza karibu na wakati huohuo wa sikukuu. Wingu likijikusanya upande wa mashariki, mama husimama mlangoni na kusema: "Zimeni umeme, umeme unakuja." Hakuna anayechanganyikiwa. Taa za Krismasi huchomolewa kwanza, kabla ya televisheni, kwa sababu waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea na hakuna anayeuamini.

Nimesema majina, lakini kuna majina yanayolipiwa. Sheria ya Nishati Vijijini ni ya mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, alianza kazi mwaka 2007. Baadaye bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ikawekwa shilingi 27,000, na mwaka 2022 bei ya mjini kwa mteja wa kawaida aliye karibu na nguzo ikatangazwa kuwa shilingi 320,960. Sasa chukua manispaa kama ya kwetu, yenye mitaa na vijiji pamoja. Nyumba mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu, bati kwa bati, kuku kwa kuku, lakini moja iko kwenye "mtaa" na nyingine kwenye "kijiji". Tofauti ya maneno hayo mawili ni shilingi 293,960. Wabunge walilisimamia jambo hilo bungeni mara nyingi, wakilalamikia maeneo yaliyoitwa mji huku watu wake wakilima. Ninapoulizwa na wanafunzi wenzangu historia ya istilahi ina faida gani, hesabu hiyo huwa naiweka mezani, tena bila maelezo.

Ukishaunganishwa, taa zenyewe si gharama. LUKU, kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, inahesabu kwa yuniti, na mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi. Uzi mmoja wa taa za LED wenye wati 5, ukiwaka saa 5 kila usiku kwa mwezi mzima, haufikishi hata yuniti moja. Mama hakuamini hesabu hii mpaka nilipomwandikia kwenye karatasi. Aliikunja, akaiweka kwenye Biblia.

Mwenye taa ni mdogo wangu. Alimaliza kidato cha 4 kwa matokeo ambayo hatuyazungumzii mezani. Masomo yaliyomwangusha ni yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza, maana yake ni karibu yote. Akawa fundi umeme wa mtaani, wa kuunga waya na kufufua sabufa. Miaka michache iliyopita aliona kwenye simu nyumba ya Marekani ambayo taa zake zinawaka na kuzimika kufuata gitaa la wimbo, dirisha kwa dirisha, mti kwa mti, na akaacha kulala.

Nyumba hizo zina historia yake. Iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Carson Williams, mhandisi wa umeme wa mji wa Mason, Ohio. Krismasi ya 2004 alifunga taa kama 16,000 na kuzigawa katika chaneli 88, kila chaneli ikiwaka kwa amri ya kompyuta, huku wimbo wa bendi ya Trans-Siberian Orchestra ukirushwa kwa redio ndogo ya FM ili waliomo kwenye magari wasikie na majirani walale. Video yake ilisambaa mwaka 2005, ikaingia hadi kwenye tangazo la bia. Desemba hiyohiyo aliizima mwenyewe, baada ya ajali ya gari kutokea jirani na polisi kushindwa kupenya foleni ya watazamaji.

Mwaka huohuo wa 2004, huku kwetu, taa na muziki vilikuwa vikikutana mahali pengine: kwenye matatu za Nairobi. Ndani ya basi la abiria, taa za rangi, spika nzito, na dereva anayejua kwamba kijana atalipuuza gari lililofika kwanza akasubiri lenye muziki. Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri John Michuki, zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, na magari yakapoa kwa muda. Hayakupoa milele, kama anavyojua yeyote aliyepanda nganya ya Rongai hivi karibuni. Kama kuna mahali Afrika Mashariki ilipojifunza kwamba taa inaweza kucheza muziki, si kwenye nyumba. Ni barabarani, na karibu kila mara serikali ilikuwa imekunja uso.

Maneno ya sanaa hii ya nyumbani hayakuzaliwa nyumbani. Chaneli, kontrola na "yunivasi" vilitoka kwenye majumba ya maigizo. Mwaka 1986 taasisi ya mafundi wa majukwaa ya Marekani ilitunga kanuni iitwayo DMX512, ili dawati la taa la kampuni moja liweze kusema na taa za kampuni nyingine. Waya mmoja, chaneli 512, na kundi hilo zima la chaneli likaitwa ulimwengu. Nilipomweleza mdogo wangu hivyo alicheka sana. "Kwa hiyo mimi nina chaneli nane," alisema. "Dada, mimi hata kijiji sijafika. Labda kitongoji."

Pikseli nalo lilitoka kwenye picha za vyombo vya anga. Frederic Billingsley alilichapisha mwaka 1965, akiunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, picha na chembe. Leo ni jina la taa ndogo yenye chipu yake ndani, inayoweza kuambiwa peke yake iwe nyekundu huku jirani yake ikiwa ya kijani. Zile za zamani, zinazowaka zote au kuzimika zote, wenye sanaa hii wanaziita kwa neno la Kiingereza lenye maana mbili, asiyesema na asiye na akili. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Mdogo wangu alichagua mara moja bila kuniuliza: taa bubu. Nilimwambia angeweza kusema taa jinga. Akasema hapana, kwani zinafanya unachozituma, hazijibu tu. Kwenye tasnifu yangu kuna ukurasa mzima juu ya uchaguzi huo, na nadhani ndio ukurasa bora nilioandika.

Daftari lake ni la shule, lenye picha ya twiga kwenye jalada, na ndani yake nimekuta istilahi ambazo hakuna kamati iliyokaa kuzitunga. Kupanga taa juu ya wimbo, kazi ambayo wenzake wa Marekani huiita sikwensi, yeye anaita zamu. "Zamu ya wimbo wa 1." "Zamu ya wimbo wa 2, haijaisha." Kipande kidogo cha muda ambacho kompyuta inakihesabu ni pigo. Programu aliyokuwa akiitumia ilikata kila sekunde vipande 20, kwa hiyo wimbo wa dakika 3 una vipande 3,600, na kwa chaneli zake 8 hayo ni maamuzi 28,800, ya kuwasha au kutowasha. Alikuwa akifanya hivyo usiku, kwenye kompyuta mpakato ya mkopo iliyopoteza herufi R, huku mama akimuuliza kupitia ukutani kama amekuwa bundi.

Tofauti yake kubwa kuliko zote iko ukurasa wa tatu. Anaandika kwamba kuna taa zinazosikiliza na taa zinazojua. Zinazosikiliza zina maikrofoni, au zimeungwa kwenye sabufa. Besi ikipiga zinawaka, besi ikinyamaza zinazimika. Hizo ndizo za baa, za matatu na za harusi, na ukoo wake ni wa zamani: disko za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na saketi za kuchuja sauti kuwa besi, kati na nyembamba, kila moja na rangi yake. Kabla ya hapo kulikuwa na ndoto za vinanda vya rangi. Padri Mjesuiti Louis Bertrand Castel wa Ufaransa aliielezea ya kwake mwaka 1725, na Alexander Wallace Rimington wa Uingereza akasajili hakimiliki ya kinanda kama hicho mwaka 1893. Taa zinazojua ni tofauti. Hazina sikio. Zimefundishwa wimbo mzima kabla, mpaka kituo cha mwisho, na hata ukizima spika zitaendelea kuucheza kimya kimya mpaka uishe.

Nilitafuta tofauti hiyo kwenye maandishi ya wataalamu. Ipo, lakini imefichwa ndani ya misamiati ya umeme. Yeye aliipata kwa njia ya ngoma. Neno hilo, ngoma, kwetu ni chombo kinachopigwa, ni muziki unaotoka, ni uchezaji, na ni shughuli nzima iliyowakusanya watu. Kucheza nako ni mchezo na ni dansi. Mtu aliyekulia ndani ya maneno hayo hahitaji kuelezwa kwamba mwanga na sauti vinaweza kuwa kitu kimoja. Anachohitaji kujua ni kama mchezaji anamfuata mpigaji, au wote wawili wamekwisha kufanya mazoezi.

Kwenye semina ya idara yetu niliwasilisha sehemu hii, na mjadala ukakwama kwenye jina la jambo zima. Kitendo cha kuzifanya taa ziende na muziki kiitwe nini? Mmoja alitaka ulandanishi. Mwingine akataka uoanishaji. Nikawasomea kwenye simu yangu, ambayo nimeiweka Kiswahili: inasema kusawazisha. Kusawazisha ni neno zuri, lina uwanja wa kuchezea. Unasawazisha udongo kabla ya kujenga, na dakika ya 89 timu yako inasawazisha. Lakini nilipompigia mdogo wangu simu usiku ule na kumwambia kwamba anachofanya ni kusawazisha taa na muziki, aliniuliza matokeo ni ngapi kwa ngapi.

Si kwamba Kiswahili kimewahi kukosa watu wa kazi hii. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930. BAKITA imekuwepo tangu 1967. TUKI, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004, ndiyo, mwaka uleule wa Ohio na wa Michuki, mradi wa Kilinux wa chuo hichohicho ulitoa programu za ofisi za kompyuta kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo. Ninaziheshimu kazi hizo kwa sababu najua jinsi ilivyo vigumu kukaa na neno moja siku nzima. Ila zote zilimwangalia mwanafunzi na karani. Hakuna aliyemfikiria fundi wa Unyambwa saa sita za usiku, na yeye hakusubiri.

Mahali jina lilipomkwamisha kweli palikuwa kanisani. Kwaya ya vijana ilimwomba ailetee taa zake mkesha wa Krismasi. Alikuwa amemaliza zamu ya wimbo wao mmoja, besi na soprano zikipokezana kushoto na kulia, na kiitikio kikiwasha zote. Wiki mbili kabla, mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani, akapewa kiti na uji, akauliza habari za shule yangu, halafu akasema kwa upole kabisa kwamba amesikia kijana anataka kuleta taa za disko madhabahuni.

Mdogo wangu akasema, "Shikamoo mzee, si za disko."

"Marahaba. Sasa ni za nini?"

Akanyamaza. Nilikuwepo na niliona kwamba hakukosa hoja, alikosa nomino. Taa za Krismasi lilikuwa dogo mno, kwa sababu hizo mzee anazo sebuleni kwake, zinapumua. Taa za muziki lingeturudisha palepale kwenye disko. Vimulimuli, neno zuri la mdudu wa usiku, limeharibiwa na magari ya watu wanaotaka wapishwe barabarani, na askari wa usalama barabarani wanaendelea kuyakamata. Mzee alimaliza uji, akashukuru, akaomba tusali, na katika sala alimshukuru Mungu kwa vipaji vya vijana. Taa hazikwenda kanisani.

Zikafungwa nyumbani, kwenye mwarobaini wa uani. Tuliziita taa za sikukuu, jina la mama, na nadhani alilichagua kwa makusudi, kwa sababu nusu ya ukoo wetu na majirani kadhaa ni Waislamu na sikukuu ni ya wote. Mwaka uliofuata nyuzi mbili kati ya zile ziliazimwa kwa ajili ya Idd. Kwaya ilikuja tarehe 26 bila kualikwa rasmi. Waliimba wimbo wao mara tatu. Mara ya kwanza taa ziliwahi, kwa sababu kwaya ya watu haiendi kwa kasi ya kwaya ya rekodi, na zinazojua hazisubiri mtu. Mara ya pili mwalimu wa kwaya aligeuka, akawaongoza waimbaji huku macho yake yako kwenye mti. Mara ya tatu walikwenda pamoja hadi ubeti wa mwisho, na mtoto mmoja akapiga kelele kwamba besi ndiyo ya kijani.

Sasa anataka kujenga kile ambacho Wamarekani wanakipenda kuliko vyote: nguzo ndefu katikati ya uwanja, na nyuzi za taa zikishuka kutoka kileleni hadi chini kwa mduara, kama mti mkubwa usio na matawi. Aliniomba jina. Nilifikiri siku mbili, nikampelekea msonge, ile nyumba ya duara yenye paa la ncha, na nikaona nimepatia. Aliliandika kwenye daftari, akachora na picha.

Bibi alikuwa amekaa hapo anapepeta uwele. Akauliza anachora nini, akaelezwa. "Msonge ni wa watu wengine," akasema. "Sisi tulikaa kwenye tembe." Akaeleza kwa mkono: ndefu, ya chini, paa bapa la udongo, hata mbuzi hupanda. Mdogo wangu akaangalia picha yake muda mrefu, halafu akageuza ukurasa. Paa bapa ni mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ni rahisi kuugawa mara nane. Akamuuliza tembe ya baba yake ilikuwa na urefu gani.

Bibi akaweka ungo chini, akasimama kwenye pembe ya jiko, na akaanza kuhesabu hatua.